Duka la Shule na Mfumo wa Mauzo: Somo la Vitendo kwa Darasa la V hadi la VII

Mwalimu mwanafunzi anapofika kwenye mada ya fedha katika Hisabati, mara nyingi huandika ubaoni kwamba Juma amenunua madaftari matatu kwa shilingi 500 kila moja, kisha huuliza Juma alilipa shilingi ngapi. Hesabu hiyo ni sahihi na ina mahali pake. Lakini kazi ya duka ni pana kuliko hesabu hiyo. Dukani watu huja wengi kwa mara moja, mmoja hukopa, mwingine hulipa kwa simu, bei hupanda katikati ya wiki, chenji hukosekana, na jioni mtu mmoja hutakiwa aeleze mbele ya wenzake kwa nini fedha zilizomo sandukuni ni kiasi hicho na si kingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kufundishwa kwa vitendo katika shule ya msingi. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tukio la shilingi 9,400

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha, baadhi ya wanachuo wetu walipangwa katika shule ya msingi iliyo upande wa Kwedizinga, Wilaya ya Handeni. Huko walianzisha duka dogo la kuuza madaftari na kalamu, kwa kuwa wazazi walikuwa wakilazimika kungoja siku ya gulio ili kupata vifaa hivyo. Sisi wakufunzi tuliisifu kazi hiyo. Tuliwaagiza watafute sanduku lenye kufuli, benchi, na mwanafunzi mwaminifu wa kuuza. Zaidi ya hapo hatukuwaagiza neno. Aliyechaguliwa alikuwa msichana wa Darasa la VI, hodari wa hesabu, aliyekuwa akilelewa na bibi yake.

Duka lilipokea madaftari 120 ya shilingi 500 kila moja, na kalamu 100 ambazo orodha ilisema ziuzwe shilingi 300. Baada ya wiki tatu mali ilihesabiwa. Yalikuwapo madaftari 38 na kalamu 44. Kwa hiyo yalikuwa yametoka madaftari 82, yaani shilingi 41,000, na kalamu 56, yaani shilingi 16,800. Jumla ilipasa iwe shilingi 57,800. Sandukuni zilikutwa shilingi 48,400. Upungufu ulikuwa shilingi 9,400.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko hesabu. Msichana aliulizwa mbele ya wenzake, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukiri. Aliondolewa dukani siku hiyo hiyo na barua ikapelekwa nyumbani. Kesho yake asubuhi bibi alifika shuleni na fedha zilizofungwa katika pindo la kanga. Mwanachuo aliyesimamia duka alimwamkia, naye baada ya kuitikia akasema, "Mwalimu mwanangu, shika hizi. Nimeuza kuku. Lakini mtoto huyu nimemlea mwenyewe, namjua."

Mwanachuo huyo hakuzipokea, na kwa hilo tunampongeza. Aliomba apewe siku mbili, nasi tukaanza pamoja naye kuulizia mali kitu kimoja kimoja. Walimu walikuwa wamechukua madaftari 9 ya maandalio kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi: shilingi 4,500. Madaftari 4 yalitolewa zawadi kwa washindi wa mbio: shilingi 2,000. Shilingi 1,000 zilichotwa sandukuni kununua chaki. Tena ilibainika kwamba kalamu ziliuzwa shilingi 250 mwanzoni, na bei ya shilingi 300 ilianza kufuatwa baadaye tu. Kalamu 34 zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa bei ya chini, na tofauti yake ni shilingi 1,700. Hayo yote kwa pamoja ni shilingi 9,200. Zilizosalia, shilingi 200, mpaka leo hatujui zilikokwenda. Huenda ni chenji iliyokosewa.

Msichana aliombwa radhi mstarini mbele ya shule nzima. Aliitikia kwa adabu, lakini alipoombwa arudi dukani alikataa, nasi hatukumlazimisha.

Watu wengi hudhani kwamba mfumo wa mauzo huwekwa ili kumnasa mwizi. Baada ya tukio hilo tunaamini kwamba kazi yake ya kwanza shuleni ni kumlinda asiye mwizi. Mtoto yule hakuwa na ushahidi wa kujitetea, kwa sababu sisi hatukumpa mahali pa kuuweka.

Maana ya mfumo wa mauzo

Kwa maneno hayo tuna maana ya utaratibu wa kuandika kila tendo la kuuza papo hapo linapotendeka: ni kitu gani kimetoka, kiasi gani, kwa bei gani, kimelipiwa kwa njia gani, na nani aliyeuza. Kutokana na maandishi hayo mali iliyobaki hupunguzwa, na fedha zinazotarajiwa hujulikana kabla ya sanduku kufunguliwa. Utaratibu huo unaweza kukaa katika daftari la shilingi chache, katika simu, au katika kompyuta yenye kisomeo cha mistari na mashine ya kuchapa risiti, kama tunavyoona katika maduka makubwa ya Tanga na Dar es Salaam.

Inafaa wanafunzi wajue chimbuko la mashine hizo. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kuhesabia mauzo aliyoibuni pamoja na ndugu yake, baada ya kuchoshwa na wahudumu waliokuwa wakitia mfukoni fedha za wateja. Mashine yake ya kwanza haikuwa hata na droo. Ilikuwa na uso kama wa saa, na muuzaji alipobonyeza kitufe, mishale ilionyesha kiasi kilicholipwa ili kila aliyekuwapo akione. Jambo hilo mwalimu alikazie sana, kwa kuwa hapo mnunuzi naye alifanywa shahidi wa mauzo. Risiti inafanya kazi hiyo hiyo hadi leo.

Hapa kwetu mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi zilianza kutumika mwaka 2010, kwanza kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kisha kwa wengine. Kabla ya hapo vijiji vyetu vilikwisha kupitia somo jingine. Mwaka 1976, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Kampeni hiyo haikudumu. Sababu zake zilikuwa nyingi, na uhaba wa bidhaa ulikuwa mkubwa, lakini mwalimu yeyote anayefundisha duka la pamoja hana budi kujiuliza wanakijiji wale walikuwa wamefundishwa na nani kutunza hesabu za mali isiyo ya mtu mmoja. Tangu mwaka 1967 shule zetu zilikuwa zikifuata Elimu ya Kujitegemea, na miradi ilikuwa mingi. Jembe lilifundishwa zaidi kuliko daftari.

Kutayarisha duka

Kabla ya kuuza hata kalamu moja, mali yote ihesabiwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha hesabu zao zilinganishwe. Zikitofautiana, wahesabu upya. Kila bidhaa ipewe namba fupi, tuseme 01 kwa daftari na 02 kwa kalamu, na namba hiyo ibandikwe kwenye rafu. Orodha ya bei iandikwe kwa herufi kubwa pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Bei ikibadilika, orodha ya zamani isitupwe. Itiwe katika jalada. Laiti tungefanya hivyo, zile shilingi 1,700 zingeelezeka kwa dakika moja.

Kwa bidhaa zinazonunuliwa kwa jumla na kuuzwa kwa vipimo vidogo, mwalimu awe mwangalifu zaidi. Gunia la sukari la kilo 50 kwa hesabu ya ubaoni hutoa robo kilo 200. Mwenye duka yeyote atakuambia kwamba hazipatikani 200, kwani nyingine humwagika, nyingine huzidishwa na mkono wa muuzaji mwenye huruma, na mzani nao una yake. Basi gunia linapofunguliwa iandikwe tarehe, na linapokwisha iandikwe idadi ya robo zilizouzwa. Baada ya magunia mawili au matatu, darasa litakuwa na upungufu wa kawaida lililoupata lenyewe, na muuzaji hatalaumiwa kwa punje zilizoanguka. Vivyo hivyo kwa mafuta ya kipimo, na kwa mahindi yanayouzwa kwa debe au kwa sado. Matunda ya fungu yahesabiwe kwa mafungu na si kwa tunda moja moja, ingawa asubuhi yake mtu mmoja lazima aandike machungwa mangapi yalifanya fungu siku ile.

Daftari la mauzo lipigwe mistari ya safu hizi: tarehe, namba ya stakabadhi, namba ya bidhaa, idadi, bei, jumla, njia ya malipo, na jina la muuzaji. Katika safu ya malipo yakubaliwe maneno manne tu: taslimu, simu, deni, na zawadi. Hilo la nne tumeliongeza kwa sababu unayoijua sasa. Mnunuzi apewe stakabadhi na nakala ya karatasi ya kaboni ibaki kitabuni. Kosa lisifutwe kwa ufutio. Likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, na aliyelikata atie sahihi kando. Fedha za chenji za kuanzia siku, tuseme shilingi 2,000 za sarafu, ziandikwe peke yake, la sivyo jioni zitaonekana kama mauzo.

Kazi zigawanywe. Yuko anayetoa bidhaa, yuko anayepokea fedha na kuandika, na yuko mkaguzi anayefunga hesabu za siku. Kila wiki wabadilishane. Mtoto mmoja mwaminifu akiachiwa kazi zote tatu, hata awe mwaminifu namna gani, hapo tumemtega.

Vipindi darasani

Tumezoea kutumia vipindi vinne vya dakika 40. Cha kwanza ni cha kuhesabu mali na kupanga bei, wala hakihitaji maelezo marefu hapa.

Kipindi cha pili ndicho kiini cha somo. Mwalimu atayarishe vipande vya karatasi kama 20 na kuwagawia wanafunzi watakaokuwa wanunuzi. Vipande vingi viwe vya kawaida: nunua kalamu mbili, lipa shilingi 1,000. Lakini vitano au sita viwe vya matatizo. Mnunuzi mmoja arudishe daftari lenye kurasa zilizochanika na kudai fedha yake. Mwingine ajifanye mwalimu anayetaka kukopa. Mwingine alipe kwa simu, na msaidizi wake achelewe kuonyesha ujumbe wa malipo. Yupo pia atakayedai kwamba alitoa noti ya 5,000 naye muuzaji anasema ni ya 2,000. Wengine watatu waje pamoja na kusemea juu kwa juu. Hapo ndipo darasa linapoonja uzito wa kazi. Katika shule moja tuliona muuzaji mwepesi wa kichwa akiacha kuandika ili foleni iishe, akaahidi kujaza baadaye kwa kumbukumbu. Alipomaliza alikuwa amesahau mauzo manne kati ya kumi na saba. Mwalimu mwanafunzi alitaka kumgombeza. Tulimwomba amwache darasa limsaidie kuyatafuta katika nakala za stakabadhi. Walipata matatu. La nne halikuwa na stakabadhi.

Ugomvi wa noti utatuliwe kwa desturi ndogo ambayo wenye maduka huijua: noti ya mnunuzi iwekwe juu ya meza, mbele ya macho ya wote wawili, mpaka chenji imehesabiwa na kupokewa. Wanafunzi waijaribu mara kadhaa mpaka mikono izoee.

Kipindi cha tatu ni cha kufunga siku. Mkaguzi ajumlishe safu ya jumla, atoe mauzo ya simu, ya deni na ya zawadi, aongeze fedha za chenji, na kuandika kiasi kinachotarajiwa sandukuni kabla sanduku halijafunguliwa. Utaratibu huu usigeuzwe. Anayeziona fedha kwanza hushawishika kuirekebisha hesabu ifanane nazo, hata bila nia mbaya.

Kipindi cha nne ni cha risiti na bidhaa halisi. Wanafunzi walete kutoka nyumbani risiti na makasha matupu. Kwenye risiti ya mashine watafute jina la mfanyabiashara, namba yake ya mlipa kodi, tarehe, saa, na kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara tangu mwaka 2009 ni asilimia 18, na hapa kuna hesabu nzuri kwa Darasa la VII. Bei yenye kodi ndani yake ikiwa shilingi 5,900, wengi watachukua asilimia 18 ya 5,900 na kupata 1,062. Wanakosea. Bei bila kodi ni 100 na bei yenye kodi ni 118. Basi 5,900 igawanywe kwa 118 na kuzidishwa kwa 100, ipatikane 5,000, na kodi ni 900. Mwalimu awaeleze pia kwamba zipo bidhaa zisizotozwa kodi hiyo, ili asiyeiona katika risiti yake asidhani amedhulumiwa.

Kwenye makasha waangalie ile mistari myeusi na meupe iitwayo msimbomilia. Mara ya kwanza kusomwa na mashine dukani ilikuwa tarehe 26 Juni, 1974, mjini Troy, Ohio, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley. Chini ya mistari huwa kuna tarakimu 13. Zinazoanza na 620 zimeandikishwa Tanzania, na zinazoanza na 616 zimeandikishwa Kenya. Tarakimu hizo hueleza namba ilikoandikishwa, wala hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa huko. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua namba hii ya kujitungia: 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, upate 26. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12, upate 27, kisha zidisha kwa 3, iwe 81. Jumla ya 26 na 81 ni 107. Ili kufika 110 zinahitajika 3, kwa hiyo tarakimu ya 13 ni 3. Tumeona watoto wasiopenda Hisabati wakibaki darasani wakati wa mapumziko wakikagua makasha ya sabuni kwa njia hii.

Kutoka daftari hadi mashine

Shule ikipata simu au kompyuta yenye programu ya mauzo, duka lisihamishwe kwa siku moja. Kwa muda wa mwezi mmoja daftari na programu vitumike pamoja, na kila jioni matokeo yalinganishwe. Kila muuzaji awe na neno lake la siri, maana jina la muuzaji halina faida yoyote ikiwa watoto sita wanaingilia mlango mmoja. Ruhusa ya kubadili bei na ya kufuta mauzo iwe ya mwalimu msimamizi peke yake, na mauzo yaliyofutwa yabaki yakionekana kuwa yamefutwa, kama ule mstari mmoja wa daftarini. Nakala ya kumbukumbu itunzwe mahali pengine. Umeme ukikatika, kitabu cha stakabadhi kitolewe kabatini, kazi iendelee, na maandishi yaingizwe katika mashine kabla ya duka kufunguliwa tena.

Pale hesabu zisipolingana

Zitapishana tu, na si mara moja. Mwalimu asianze kwa kuuliza ni nani. Aulize ni maandishi gani. Akague kwanza kama safu ilijumlishwa sawasawa, kisha kama fedha za chenji zilihesabiwa, kisha malipo ya simu, madeni, bei ya siku, na mwisho mali yenyewe ihesabiwe upya na mtu mwingine. Ziada nayo ni kosa kama upungufu. Shule nyingi huifurahia ziada na kuinyamazia, kumbe yuko mtoto aliyekwenda nyumbani na chenji pungufu. Tofauti isiyoelezeka iandikwe katika daftari kama ilivyo, pamoja na tarehe, kwa mwandiko wa mkaguzi na mbele ya muuzaji. Ikiwa baada ya yote hayo inabaki shaka juu ya mtu, aulizwe faraghani, na mzazi asiitwe kabla ya mahesabu kukamilika.

Zoezi

Duka la shule lilifunguliwa asubuhi likiwa na madaftari 60 ya shilingi 500, vipande 30 vya sabuni vya shilingi 700, na chenji ya shilingi 2,000. Jioni yalibaki madaftari 41 na vipande 22 vya sabuni. Malipo ya simu yalikuwa shilingi 3,500. Mwalimu mmoja alikopa madaftari 2, na deni lake liliandikwa. Sandukuni zimekutwa shilingi 13,300.

(a) Zilipasa ziwe shilingi ngapi?
(b) Taja maandishi matatu utakayoyatazama kabla ya kumwita muuzaji, na ueleze kila moja linaweza kuleta tofauti hiyo kwa namna gani.
(c) Andika maneno utakayomwambia muuzaji atakapofika.